Tulificha Majina Tusiyoitwa

Ndugu zangu, wazazi wenzangu, nyinyi mliokaa mbele na nyinyi mliokimbilia viti vya nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu nyote. Wakubwa, shikamooni. Wa msikitini, salaam aleikum. Wa kanisani, Bwana asifiwe. Na asiye na pa kusali, leo asikilize tu, hatutamwuliza.

Nimeombwa nitoe ushuhuda, na mwenyekiti wetu amenishika mkono kule nje akaniambia, "Mama, ongea polepole, usipandishe, leo kuna wageni." Nikamwambia nitajaribu. Lakini nawaambia ukweli, hadithi hii sijawahi kuimaliza bila ya kupandisha sauti. Kwa hivyo mkiniona natoka jasho, msiseme ni joto la ukumbi.

Mimi ni mkaaji wa Miritini. Nina saiba yangu ndogo pale karibu na malori yanapoegeshwa. Natoa kopi, nachapa barua za kazi, najazia watu fomu zao za serikali, nawatumia madereva makaratasi yao. Mume wangu yuko bandarini. Na nina binti, Sidi, mwenyewe ameniruhusu nimtaje leo, yuko gredi ya nane, na Sidi ana siko seli, ule ugonjwa wa damu. Alijulikana akiwa mchanga bado. Vidole vya mikono na miguu vilimvimba, ukimgusa tu analia, na macho yake yakageuka manjano.

Nyinyi mnajua kinachofuata. Hospitali ilikuwa afadhali. Kazi ilikuwa maneno ya watu. Huyu anasema mtoto amerogwa. Yule anasema ni majini. Mwingine anasema damu yake inanyonywa na nyanyake wa kule Kaloleni, mwanamke wa watu ambaye hata kuku anaogopa kuchinja! Na wote, wote jamani, wakishamaliza kuongea wananigeukia mimi. Ati kwetu kuna nini? Daktari alieleza mbele ya mume wangu, akachora na picha, kwamba mtoto huchukua kwa baba na huchukua kwa mama. Kwa baba *na* kwa mama. Sasa hebu niambieni, akina mama mlio hapa, ni nani kati yenu amewahi kusikia baba mtu akiulizwa kwao kuna nini? Mnacheka. Mimi wakati huo sikucheka.

Mahali pekee nilipopumua ni kwenye benchi la kliniki. Pale kila mmoja amembeba wake, hakuna wa kumcheka mwenzake. Mama wa Likoni anamwambia wa Mjambere, mpe mtoto maji kabla hajaomba. Wa Mjambere anamshika mkono wa Changamwe, anamwonyesha jinsi ya kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto, ajue kama bandama imevimba. Lakini benchi ni siku ya kliniki tu. Mkiachana pale, kila mtu na nyumba yake na mlango wake umefungwa.

Tukajaribu kikundi cha wasapu. Wee! Mama anauliza, mtoto wangu ana homa nifanyeje, na kabla hajajibiwa kuna aliyetuma maua ya asubuhi njema, kuna aliyetuma mahubiri, kuna anayeuza madera. Swali limezama. Halafu nambari ya kila mtu iko wazi, mara unapigiwa simu na mwanamume usiyemjua, "Nimeona nambari yako mahali." Mahali gani? Nikasema hapana, hivi sivyo.

Basi nikawa wateja wakipungua pale saibani, najifunza kutengeneza tovuti. Sikwenda chuo. Nilitazama video, nikajaribu, nikaharibu, nikafuta, nikaanza tena. Mume wangu akipita ananiuliza, "Bado unacheza na hiyo mashine?" Mwishowe ikasimama, nikaiita Baraza la Mama. Kila mwanachama alikuwa na ukurasa wake: jina analotaka, mtaa, umri wa mtoto, na picha kama anapenda. Wengi waliweka picha ya ua. Kisha kulikuwa na vyumba vya mazungumzo. Chumba cha Maumivu. Chumba cha Dawa na Chakula. Chumba cha Shule. Na kimoja nilikiita Chumba cha Maneno ya Watu, unaingia unamwaga uliyoambiwa na mawifi, unatoka mwepesi. Hicho ndicho kilichojaa kuliko vyote, sitawadanganya.

Mimi ndiye niliyekuwa bawabu. Haingii mtu mpaka nimemwuliza maswali nimeridhika. Kuna bwana aliingia kama mama, kumbe anauza unga wa mizizi ati unaoondoa siko seli mara moja. Nikamtoa. Akarudi na jina jingine, akiwa sasa ni mama wa pacha. Nikamtoa yeye na pacha wake. Haki ya Mungu, watu hawana haya, mtu anaweza kusimama juu ya kitanda cha mtoto mgonjwa akafungua duka!

Lakini Baraza lilifanya kazi. Mama mmoja mgeni kabisa aliandika kwamba mtoto wake amelegea, hataki kucheza, na tumbo limekuwa gumu, naye anamngojea mume arudi kutoka kazini ndipo waende hospitali. Mwenzetu wa Changamwe akamjibu palepale, "Usimngojee mtu. Mbebe, toka sasa hivi, mumeo atakukuta hukohuko." Alitoka. Mtoto akaongezwa damu, na leo yuko nje pale anarusha mawe na wenzake. Sasa mtu akiniambia nilikuwa nacheza na mashine, nifanyeje? Nisipandishe sauti?

Na tulikuwa waangalifu! Sheria ya kwanza ya Baraza ilikuwa hii: jina lako usiliandike. Mnajua kwa nini. Kuna mabinti nyumbani, kesho watu watakuja kuposa, na kabla ya posa watapeleleza, na wakisikia siko seli hawarudi. Basi nikawaambia wote, jipangeni majina. Wa kwanza nikawa mimi, nikaandika: Mama Sidi, Miritini. Akaja Mama Otieno, Changamwe. Akaja Mama Mwanasha, Likoni. Wengine wakafuata, Mama huyu, Mama yule. Tukajiona tumejificha, tukatulia, tukaongea yote.

Sasa shule. Sidi alikuwa katika shule moja ya kibinafsi hapo Miritini. Sitaitaja, wala mwenyewe sitamtaja. Shule hiyo ina sheria mbili: chupa ya maji haiingii darasani, na chooni ni wakati wa mapumziko. Mombasa hii! Mwezi wa pili, chini ya mabati! Mtoto mzima tu atachoka, sembuse huyu ambaye maji ndiyo dawa yake ya kwanza. Nilimpelekea mwalimu wa darasa barua ya daktari, nikamweleza kwa upole wote nilionao. Akaniambia sheria ni sheria, watoto wengine nao watataka. Watake! Maji jamani, si soda!

Sidi akawa anavumilia. Ni mtoto anayependa shule, hakutaka kuonekana wa kubembelezwa. Alivumilia mpaka siku akaletwa nyumbani amebebwa, analia miguu, analia mgongo, hataki hata shuka limguse. Tukalazwa. Nilikaa pale wodini namsikiliza mwanangu akisaga meno, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Tulipotoka nikaiweka kwenye Chumba cha Shule. Na chumba hicho nilikuwa nimekiacha wazi kwa makusudi, asomaye asome, ili mama mgeni akitafuta apate msaada kabla hata hajajiunga. Nikaandika yote, ya chupa na ya choo na ya barua. Shule sikuitaja, nilikuwa na akili yangu. Nikasema tu, shule moja hapa Miritini yenye lango la buluu lililochorwa simba. Mnacheka tena. Haya, chekeni. Sasa malango ya buluu yenye simba Miritini ni mangapi?

Haikuchukua muda nikaitwa ofisini kwa mwenye shule. Nikamkuta na maneno yangu mezani yamechapwa kwenye karatasi nzuri.

"Madam," akaniambia, "wewe ndiye Mama Sidi wa Miritini?"

"Ndiye mimi. Hata mlinzi wako wa langoni ananiita hivyo."

"Umeichafua shule yangu."

"Nimeitaja wapi?"

"Kuna lango jingine la simba?"

Akaendelea, "Tena hukutueleza kuwa mtoto ana ugonjwa wa kudumu."

"Barua ya daktari nilimpa mwalimu wake mkononi!"

"Madam, hii ni shule, si hospitali. Wazazi wengine wakisikia watasema tumejaza hapa watoto wa kufakufa. Katika shule yangu yote hakuna mwingine wa namna hii. Ni wako tu. Funga hiyo tovuti, ikishafungwa tutaongea. Kwa sasa mtoto akae nyumbani."

Watoto wa kufakufa. Ndugu zangu, nimerudia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza hata herufi. Na palepale akatumwa mtu kumtoa Sidi darasani. Akaja amebeba mkoba wake kifuani, wenzake wamejazana madirishani wanamtazama. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu kama arudi akachukue kalamu zake alizoazimisha.

Pale njiani, tunarudi nyumbani, ndipo iliponigonga. Aliponiuliza, wewe ndiye Mama Sidi, hakuwa ametafuta kitu. Alisoma jina akaenda kwenye darasa. Sisi tulificha majina gani? Tulificha majina tusiyoitwa! Miritini nzima hakuna anayejua mimi naitwa nani. Muuza maji hajui, mwenye duka hajui, mawifi wenyewe wengine hawajui. Jina ninalojulikana nalo ni la mwanangu. Basi tuliyaficha yale yasiyomdhuru mtu, tukachukua majina ya watoto wetu, wagonjwa wenyewe, tukayabandika mlangoni pamoja na mtaa wanaokaa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo. Ni desturi tu, ndiyo heshima yetu, ukizaa umekuwa mama wa fulani.

Habari ikatembea. Wanachama wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Wengine walitoka kimya. Wengine waliniachia maneno kwanza: "Umewauza watoto wetu." Mama mmoja niliyekesha naye kwa maandishi wakati wa shida zake aliniandikia kwamba binti yake wa kwanza akikosa mume, dhambi ni yangu. Mawifi ndio wakapata la kusema. Na mume wangu, ambaye si mtu wa kelele, akaniambia, "Mama Sidi, funga. Mimi nataka mtoto wangu asome."

Nikafunga. Nilikaa mbele ya ile mashine, nikabonyeza, Baraza likazimika, na yale yote tuliyoandikiana humo yakawa hayasomeki na mtu.

Nikaenda shuleni kumwambia mwenye shule, nimefunga, mtoto arudi. Mnajua alinijibu nini? Ati sasa niandike barua ya kuomba radhi, na nilete nyingine ya daktari inayosema mtoto amepona kabisa. Amepona kabisa! Siko seli! Nikamwambia, "Mzee, hiyo barua hakuna daktari anayeweza kuiandika." Akainua mabega. Nimefunga Baraza la watu bure, na mtoto bado yuko nyumbani. Ala!

Hapo ndipo nilipoanguka, sina neno jingine la kuwaambia. Chakula hakipiti. Kusali siwezi, nikifumba macho naona lango la simba. Mteja akiniambia "habari ya leo" nataka kumtukana. Na kibaya zaidi, akina mama walikuwa wanakuja pale saibani, wageni, wamebeba watoto, wameelekezwa na mtu: "Nimeambiwa kuna mahali kwenye simu tunaongea, mbona hapafunguki?" Nawaambia palifungwa. Wananitazama, wanamweka mtoto sawa mgongoni, wanakwenda zao.

Sidi alikuwa ananisaidia kutoa kopi. Siku moja ananipangia karatasi, akaniuliza bila hata kuniangalia, "Mama, kwani wewe shule yako ulifukuzwa?"

"Nifukuzwe shule gani mimi?"

"Basi mbona jina lililofukuzwa ni langu na aliyeandika ni wewe? Ungeandika lako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema wino umekwisha. Lakini maneno yale yalinikalisha kitako. Nikajiuliza, langu kwa nini sikuliandika? Ningeona haya ya nini? Mgonjwa hakuiba, na mimi sikuiba. Wa kuona haya ni yule anayemnyima mtoto maji!

Nikaanza kupiga simu. Wengi hawakushika. Wawili walishika wakaja, na wameniruhusu niwataje leo. Mama Mwanasha alivuka kutoka Likoni, akafika amekasirika kuliko mimi. Mama Otieno akaja kutoka Changamwe na mtoto mgongoni. Nikafunga mlango wa saiba, nikawaambia, "Baraza nalifungua tena. Lakini safari hii jina la mtoto haliingii. Yanaingia majina yetu sisi, ya kitambulisho, na sura zetu kwa anayeweza. Anayetaka kutukana atutukane sisi."

Mama Mwanasha akaangua kicheko. "Wallahi mwenzangu, tangu niolewe sijaitwa jina langu. Ukiniita njiani sigeuki!"

"Kwani unaitwa nani?"

"Rukia."

"Aki mimi ni Prisca," akasema Mama Otieno. "Hata kliniki wakiita jina la kadi mimi nakaa tu, nasema huyu Prisca ako wapi, anatuchelewesha."

Tukacheka mpaka machozi. Tumefahamiana miaka, tumeambiana mambo ambayo hatujawaambia mama zetu, na majina hatujuani! Mimi nikawaambia langu, Dama. Rukia akalirudia mara kadhaa, Dama, Dama, kama anaonja chumvi. Sijui niseme nini, lakini tangu lile benchi la kliniki sijawahi kujisikia kama nilivyojisikia siku ile.

Nikarudi kwenye mashine. Majina ya watoto niliyatoa yote, hata ndani ya maandishi ya zamani, kwa mkono, neno kwa neno. Vyumba vyote nikavifunga, huingii bila neno la siri. Mbele nikaacha ukurasa mmoja tu ulio wazi, sura zetu sisi watatu na majina yetu, na chini yake maneno haya: "Watoto wetu wana siko seli. Wanahitaji maji. Ukiwa na swali tuulize sisi." Mume wangu aliisoma, akaisoma tena. Nikangojea aseme funga. Akasema, "Na sura yangu uitie. Daktari alisema kwa baba na kwa mama." Ndugu zangu, niliolewa na mwanamume, acheni watu waseme.

Sasa ikaja siku ya mkutano wa wazazi pale shuleni. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu: "Mzazi mpendwa, unakaribishwa." Mtoto walimfukuza, nambari ya mama wakasahau kuifuta! Nikasema basi nimekaribishwa. Tukaenda na Rukia na Prisca. Mlinzi akawazuia langoni, ni wazazi wa shule peke yao. Rukia akaniambia, "Nenda, sisi tuko hapahapa, akikugusa piga ukelele." Baba Sidi alikuwa zamu bandarini. Nikaingia peke yangu.

Mwenye shule aliongea habari za matokeo na za basi jipya. Kisha akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Nikasimama.

"Mimi naitwa Dama. Nina binti gredi ya nane, ana siko seli, na yuko nyumbani kwa sababu nilimwombea maji darasani. Nimekuja kuuliza atarudi lini."

Mwenye shule akatabasamu, lile tabasamu la kumwonyesha mtu kuwa hana adabu. "Wazazi, msiwe na wasiwasi. Hili ni jambo la mtoto mmoja. Ni kesi moja tu, na tunaishughulikia ofisini. Katika shule hii hakuna mwingine."

Nikabaki nimesimama. Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu nyuma yangu. Nikageuka. Ni mama mmoja ambaye nimekuwa nikisalimiana naye langoni kila asubuhi, "hujambo, sijambo, watoto wazima," basi, tunapita.

"Mimi pia," akasema, sauti ndogo. "Wangu yuko gredi ya nne. Anayo. Sikuwahi kumwambia mtu."

Mwenye shule akasema, "Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Kama ni kuwafukuza, mfukuze na wangu."

Halafu akasimama baba mmoja, dereva wa malori, mtu wa bara yule, mkubwa, shati la kazi bado liko mwilini. "Hata mimi, boss. Kijana yangu ako gredi ya pili. Kila wiki nadanganya ni malaria. Mimi nimechoka kudanganya. Toa na yeye basi, tuone shule itabaki na nani."

Watu wakaanza kunong'ona. Mwenye shule akawa anatafuta pa kutazama, akawageukia walimu wake waliokaa pembeni, nadhani alitaka wamsaidie. Na kule kwa walimu akasimama mwalimu mmoja wa kike, kijana, anayewafunza Kiswahili, mwembamba. Mkononi ana chupa yake ya maji.

"Na mimi," akasema. "Si mwanangu. Ni mimi mwenyewe. Naingia na chupa hii darasani kila siku, nakunywa mbele ya watoto ambao hawaruhusiwi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Mimi ni mmoja wa hao wanaoitwa kule ofisini watoto wa kufakufa, na nimewafunzia watoto wenu vizuri."

Ndugu zangu! Sikupiga ukelele mimi, waliopiga ni wazazi. Nyanya mmoja alipiga kigelegele kana kwamba ni harusi. Mwenye shule alisema mengi baada ya hapo, ati tulimwelewa vibaya, ati shule inawajali wote. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Kabla hatujatoka mle ndani ilikwisha kusemwa mbele ya wote: maji yanaingia darasani, mtoto akiomba choo anakwenda, na Sidi arudi Jumatatu. Kule langoni niliwakuta Rukia na Prisca wameshikana na mlinzi kwa maneno, ukelele wameusikia wakidhani ninapigwa.

Basi nashukuru. Namshukuru Mungu aliyeniweka kwenye lile benchi. Nawashukuru Rukia na Prisca, simameni watu wawaone, msijifiche nyuma ya nguzo. Namshukuru yule mama wa gredi ya nne, na dereva, na mwalimu, ambao leo wote watatu ni wanachama wa Baraza kwa majina yao. Nawashukuru na wale waliotoka wakinitukana, wengi wamerudi, na hatukuulizana kitu. Mwenyekiti ameniuliza kama mwenye shule nimemsamehe. Bado. Nimemwomba Mungu anipe muda, na nadhani yeye mwenyewe hana haraka.

Na kama kuna la kujifunza, ni hili, mnisikilize vizuri nyinyi wa viti vya nyuma. Mkiamua kulisema jambo hili, majumbani na mashuleni na mtandaoni, lisemeni kwa majina yenu. Aibu ikitafuta mtu wa kumkalia, ije kwetu sisi watu wazima, tuna mabega. Watoto waachieni majina yao wayatumie kwa mambo yao.

Namaliza na Jumatatu, kisha nashuka. Sidi alikwenda shule na chupa yake. Siku nzima mimi sikufanya kazi ya maana, kila mteja namkosea kopi. Jioni nikamwona anakuja, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, na uso ameukunja. Nikamwuliza kuna nini.

"Nimepewa adhabu. Nimefagia darasa lote."

Nikavuta leso yangu, nikaanza kutafuta viatu, nikaona leo nitalivunja lile lango na simba wake. "Kwa sababu ya maji?"

"La."

"Kwa sababu ya choo? Sema, nani amekuadhibu?"

"Mama, hapana. Nilikuwa napiga kelele. Niliwachekesha wenzangu mpaka mwalimu akashindwa kusomesha, akatufagisha sote."

Nikakaa pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni, nikalia. Na mwanangu, akidhani nimekasirika kwa utundu wake, akapiga magoti akaanza kuniomba radhi.